Barreti Iliyoonjwa kwa Zebaki

Nilimpiga mdogo wangu kwa mchi wa kutwangia sombe kwa sababu ya kipande cha kompyuta kisichozidi urefu wa kiganja, na mpaka leo sioni kwa nini niombe radhi. Yeye naye alinikaba shingo. Tulikuwa watu wazima wawili, watoto wa mama mmoja aliyekuwa ametoka kuzikwa, na majirani walijaa kwenye ua wakitazama tunavyouana juu ya kitu ambacho hata jina lake hawakulijua.

Kitu hicho tunakiita barreti. Ni kibao chembamba chenye vipande vyeusi mgongoni na meno ya dhahabu upande wa chini, na ndicho kinachoipa kompyuta kumbukumbu. Mashine ikiwa na kumbukumbu ndogo, kila kazi kubwa inaikaba. Yangu ilikuwa ndogo sana. Nina kijiduka cha sekretaria karibu na soko la Kasongo: natoa fotokopi, napiga barua za watu, naweka nyimbo kwenye simu. Mashine yenyewe ni ile ya zamani, ya sanduku la kukaa chini ya meza. Ilitumika Ulaya, ikachakazwa Bukavu, ikafika kwangu mgongoni mwa pikipiki imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa barua ilitosha. Tatizo lilianza tulipohitaji kuona mazishi ya mama.

Mama alikatwa mapanga shambani kwake, upande wa barabara ya Kabambare. Sisemi alifariki, sisemi alitutoka. Alikatwa. Watu wenye silaha walitoka porini asubuhi, wakamkuta anang'oa mihogo, wakachukua mihogo na kuku na kitenge alichojifunga. Tulimwosha wanawake wanne. Mdogo wangu alikuwa Lusangi, chini ya shimo la dhahabu, na habari ilipomfikia na pikipiki ikampata na barabara ikamruhusu, alikuta wiki imeshapita, udongo umeshafunikwa na watu wanakula matanga.

Kwetu, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake. Ndiye anayemlaza. Kama hayupo, anashuka mtu aliyekula kwenye chungu cha marehemu, na huyo lazima awe safi, kwa sababu mwenye damu ya marehemu mikononi hawezi kukanyaga kaburi lake akatoka mzima. Tumbo litavimba, miguu itakataa. Sijawahi kuona tumbo lililovimba kwa sababu hiyo. Lakini sijamwona muuaji aliyethubutu kujaribu.

Aliyeshuka siku ile alikuwa fundi wa baiskeli, kijana wa Kabambare anayekaa upande wa chini wa soko. Mama alimlisha tangu alipofika Kasongo akiwa hana mtu. Alivua viatu, akashuka, akanyoosha mikono, akampokea. Nilimwona kwa macho yangu.

Na huyo huyo ndiye mtaa uliyemchagua auawe. Alikuwa amepita barabara ile asubuhi ya mauaji akiwa juu ya baiskeli, na alirudi hai. Basi, hiyo ikatosha. Wakasema wauaji walimwacha apite kwa sababu ni mtu wao, yeye ndiye aliyewaonyesha shamba. Kwa wiki nzima nilisikia maneno hayo kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya fotokopi, mpaka nje ya kanisa. Wauaji wenyewe walikuwa porini, wamejaa, wana bunduki. Hakuna aliyetaka kwenda kuwatafuta. Fundi wa baiskeli alikuwa karibu na hana bunduki.

Vijana wa mtaa wana sheria yao. Kabla ya kuchoma mtu, wanamsubiri mtoto wa marehemu apige pigo la kwanza. Hapo damu inakuwa ya familia na wao wanakuwa wasaidizi tu. Kwa hiyo walimngoja mdogo wangu, na mdogo wangu alifika akiwa tayari. Siku ya pili tu nilimkuta uani ananoa panga kwenye jiwe la mama la kunolea jembe.

Nilimwambia nilichokiona kaburini. Hakuinua hata kichwa.

"Yaya, maneno yako ni ya kunizuia tu," alisema, kwa jina la dada mkubwa analoniitia tangu utoto. "Kule Lusangi, mutu akileta kitu ya manjano, hatumuulize baba yake ni nani. Tunatia merkiri. Ikikamata, ni dhahabu. Isipokamata, tunamupiga."

Merkiri ndiyo zebaki, yale maji mazito yanayong'aa ambayo wachimbaji wanatumia kukamatia vumbi la dhahabu. Yeye alitembea nayo kwenye kichupa cha marashi, mfukoni, hata kanisani.

Nilipandwa na hasira. "Basi utaona na macho yako! Filamu iko. Binamu yetu wa Kindu alipiga kamera toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiangalia na ukose kuona ule kijana mu kaburi, mi mwenyewe nitakubebea chupa ya esansi ya kumuchoma."

Aliacha kunoa. Kisha akasema, "Nitaangalia. Siku ya mposho jua likishuka wananingoja. Mbele ya pale nitaangalia."

Binamu alituma filamu ndani ya kifaa kidogo cha kuhifadhia, kwa mkono wa dereva wa pikipiki. Lakini kamera yake ni ya kisasa, ya harusi za wakubwa, na filamu ilikuwa nzito. Simu zetu zote ziliikataa. Nikaichomeka kwenye mashine yangu, picha ikatoka moja, mama yuko ndani ya sanduku na mdomo wa mjomba uko wazi, kisha kila kitu kikaganda. Nikazima, nikawasha. Mdomo wa mjomba ukafunguka tena na kuganda. Nikalipiga teke sanduku la mashine mpaka kidole kikavimba. Ili kuiona filamu ilibidi kwanza kuibadilisha iwe nyepesi, na ili kuibadilisha nilihitaji kumbukumbu.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya mposho, nikaingia sokoni. Upande wa wauza chumvi walikuwa wanampiga mwizi wa simu, na sauti ya fimbo ilinifuata muda wote nilipokuwa nachagua. Muuza vipuri ana bati la maziwa lililojaa barreti za zamani. Unaingiza mkono, unachambua kama mchele.

"Mama, chukua hii," aliniambia. "Iko na nguvu, gigabaiti nane!"

"Hii ni ya laptop. Unaona ilivyo fupi? Mi niko na miguu ya mutu muzima, unaniuzia kiatu ya mutoto?"

Watu walicheka, mimi sikucheka. Kila kizazi cha barreti kina mkato wake kati ya meno, na mkato usipolingana na kinundu cha ubao mkuu wa mashine yako, hata ukiisukuma kwa nyundo haiingii. Nilikuwa nimechukua moja ya barreti zangu za zamani nikaifunga kwenye ncha ya kitenge, nikawa nalinganisha moja moja. Nyingine zilikuwa na mkato sawa lakini zina vipande tisa mgongoni badala ya vinane. Hizo ni za mashine za benki, ubao wangu haukubali. Nilitaka mbili za kampuni moja, ukubwa mmoja na mwendo mmoja, kwa sababu zikiwa pacha zinafanya kazi kwa zamu na mashine inapumua. Zikiwa tofauti, ya mbio inamngojea mzembe. Mwishowe nikapata pacha zangu, za gigabaiti nne kila moja, karatasi zao bado zinasomeka. Muuzaji akaona furaha yangu na akaharibu mambo.

"Angalia meno yake, mama. Dhahabu tupu ile!"

Mwizi alikuwa amenyamaza. Sikugeuka kuangalia kama ni mzima.

Nyumbani nilizisoma tena karatasi zao kwa sauti mbele ya mdogo wangu, nikazisifia meno ya dhahabu, maneno ya muuzaji yakitoka mdomoni mwangu bila mimi kufikiri. Nikaziweka juu ya meza nikaenda uani kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, kwa sababu matanga yalikuwa bado na watu wanataka kula. Niliporudi kuchukua chumvi, mchi bado mkononi, mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa na barreti moja kwenye kiganja, meno juu, na kichupa cha marashi kimefunguliwa. Alikuwa anasugua meno yale kwa kidole gumba, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi yake.

Aliinua uso. Alikuwa anacheka. Tangu mama auawe sikuwa nimeyaona meno yake.

"Imekamata, Yaya! Ni dhahabu ya kweli. Hawakukudanganya!"

Na kweli ilikuwa imekamata. Meno yote yalikuwa yamegeuka meupe. Zebaki ilikuwa imekula ile ngozi nyembamba ya dhahabu, na vijitone vyake vilikuwa vimejipenyeza kila mahali, vinang'aa kati ya jino na jino. Mchimbaji yeyote wa Lusangi angefanya hivyo hivyo. Mtu wako akinunua kitu chenye dhahabu sokoni, upendo ni kumpimia asije akawa ameibiwa. Haya yote nayajua sasa, na hata wakati ule niliyajua. Nilimpiga mchi wa bega.

Wa pili ulimpata mdomoni. Akaruka, akanikamata shingo, tukaanguka juu ya sufuria ya sombe. Nilimng'ata mkono nikasikia ladha ya damu. Nilikuwa nampiga yeye, nawapiga wale wa porini, napiga barabara ya Kabambare yote. Yeye naye alikuwa analia huku ananikaba, machozi yake yananidondokea usoni. Aliyetuachanisha ni jirani yetu mzee Mwislamu, aliyekuwa anatawadha ng'ambo ya ukuta. Alituletea birika lake na kutumwagia lote.

"Mama yenu hajaoza na nyinyi muko mnamufuata?" alifoka. "Aibu!"

Niliifuta ile barreti kwa kitambaa na mswaki, nikaijaribu kwa sababu ya ukaidi. Mashine ililia milio mitatu mirefu na harufu ya kitu kinachoungua ikatoka. Nikaichomoa haraka. Imekufa. Nikabaki na pacha mmoja.

Vijana walianza kufika wakati wa alasiri. Walikaa nje ya uzio juu ya pikipiki zao, na msemaji wao, dereva mwenye kovu kidevuni, aliingia bila kubisha. Chupa ya esansi, petroli yenyewe, ilikuwa imening'inia kwenye usukani wake, mahali wanapoweka maji ya kunywa.

"Jua likishuka tunaenda," alimwambia mdogo wangu. "We ndio unapiga wa kwanza. Ukikosa, tutasema umeuza damu ya mama yako."

"Naangalia filamu kwanza," mdogo wangu alijibu, mdomo umevimba.

"Filamu itafufua mutu?"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza. Nilitoa barreti zote za zamani, maana zingemvuta nyuma huyu aliyebaki, nikamwingiza peke yake mpaka nikasikia vishikizo viwili vikifunga. Mashine ikaamka. Filamu ikakubali kuanza kubadilishwa, na mashine ikaniambia muda wa kazi. Nikatazama bateri za pano, zile paneli za jua. Anga ilikuwa na mawingu tangu saa sita. Bateri zingekufa kabla ya kazi kwisha, na hata zisingekufa, jua lingeshuka.

Basi nikaamua kuisukuma. Kuna ukurasa wa samawati unaotangulia kabla mashine haijaamka sawasawa, tunauita biosi, na humo kuna mwendo ambao kiwanda kimeupangia ubao. Kwenye mashine za zamani kama yangu, ukiuongeza mwendo huo, kumbukumbu na kichwa cha mashine vinakimbia pamoja, kuliko walivyoamua waliovitengeneza. Ukizidisha, mashine inakufa au inaungua. Nikaongeza kidogo. Ikaamka. Nikaongeza tena, ikaamka, feni inalia. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi na kukawa kimya.

"Umeiua," alisema mwenye kovu, na nilisikia furaha ndani ya sauti yake.

Nilimrushia kiatu. Nikafungua sanduku, nikachomoa kile kibateri cha mviringo kinachoifanya mashine ikumbuke mipango yake, nikangoja isahau ujinga wangu, nikakirudisha. Nikaanza upya. Safari hii niliiongezea barreti umeme kidogo, na nikairuhusu ijibu kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu anayekimbizwa hawezi pia kudaiwa majibu ya papo hapo. Ilikuwa ndiyo barreti ya mwisho, na ndiyo iliyobeba uhai wa mtu.

Ikaamka. Ikashika. Nikaigusa, ilikuwa na moto wa chungu kilichotoka jikoni.

"Pepea!" nilimwambia mdogo wangu.

Alipiga magoti kando yangu, damu imekauka kidevuni, akaipepea kwa mfuniko wa sufuria. Hatukutazamana. Alipepea mpaka jasho likamtoka, na panga lake lilikuwa pale sakafuni katikati yetu, limenolewa mpaka linaonyesha taa ya mashine.

Sehemu ya kwanza ya filamu ilikuwa tayari jua likiwa juu ya paa la msikiti. Sauti haikutoka, spika yangu ilikuwa imekufa siku nyingi. Mdogo wangu alimwona mama ndani ya sanduku. Alitoa mguno kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Aliwaona wanaume wakimfikisha ukingoni mwa kaburi. Kisha akamwona fundi wa baiskeli akivua viatu, akishuka ndani ya kaburi, miguu mitupu juu ya udongo, akinyoosha mikono yote miwili. Kamera ilikuwa karibu. Uso wake ulikuwa umelowa machozi na midomo yake ilikuwa inatikisika.

"Ile nafasi ilikuwa yangu," alisema mdogo wangu.

"Ni yako. Yeye alikushikia."

"Na tumbo yake? Imevimba?"

"Nenda muulize."

Alisimama. Nilidhani anamgeukia msemaji wao amweleze, lakini mwenye kovu alikuwa ameona kila kitu mlangoni, akatema mate na kusema filamu hutengenezwa, hata wazungu wanatengeneza watu wanaoruka. Akapiga mluzi. Pikipiki zikanguruma zote pamoja. Hawakumhitaji tena apige wa kwanza. Walikuwa wamengoja sana na esansi ilikuwa imeshanunuliwa.

Mdogo wangu alipita dirishani. Panga lilibaki sakafuni. Nilimwona anakata katikati ya soko, anaruka meza za wauza dagaa, njia ambayo pikipiki haipiti, nami nikamfuata nikipiga kelele za matusi ambazo siwezi kuziandika.

Nilifika nimechelewa. Nyumba ya fundi ilikuwa inawaka upande wa paa. Fundi alikuwa ametokea mlango wa nyuma, amevuka mtaro, amepotea kwenye miwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ile mikono imetanda kwenye miimo miwili, akiwazuia, na mtu mmoja kati yao, sijui nani na wote wanasema si wao, alikuwa ameshusha panga kwenye mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa chini, kwenye majivu. Walipoona damu ni ya mtoto wa marehemu mwenyewe, waliwasha pikipiki zao wakaondoka bila haraka, na mmoja akaniambia, "Pole, mama."

Pole! Nilimrushia tofali, nikamkosa.

Niliporudi nyumbani kuchukua vitenge vya kumfungia, bateri zilikuwa zimekufa na mashine imezimika katikati ya kazi. Barreti ilikuwa bado ya moto.

Filamu nzima niliimaliza wiki iliyofuata, pano zikiwa na jua la kutosha, na nikaazima projekta ya kanisa, na ampli ya kwaya ili familia isikie. Siku ya kuondoa matanga tuliiweka ukutani juu ya shuka. Mdogo wangu alikaa mbele, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na fundi hakuwepo, alikuwa amekimbilia kwao Kabambare na hajarudi mpaka leo. Wauaji wa mama nao wako porini walipo, wanakula.

Nilikuwa pale siku ya mazishi, hatua chache kutoka kaburini, lakini nilikuwa napiga mayowe pamoja na wanawake wengine na sikusikia kitu. Kamera ilisikia. Fundi alipompokea mama miguuni, midomo yake ikitikisika, alikuwa anasema naye. Sauti ilitoka kwenye ampli ikajaza ua.

"Mama, ni mimi, mutu wa baiskeli. Usikasirike. Nakushika kwa nafasi ya mutoto yako. Yeye iko njiani, anakuja."

Mdogo wangu aliinua mkono wake wa kulia, ule uliofungwa, akataka kunionyesha kwa kidole nirudishe filamu nyuma, akakumbuka kidole hakipo. Akainua wa kushoto. Nikarudisha.